Hawakugoma, walifungiwa geti: hasira za mashabiki wa hoki zilivyoenda kwa mtu asiyehusika

Kila ligi ya hoki ya huku Amerika Kaskazini ikisimama kwa ugomvi wa hela, watu wanasema kitu kimoja: wachezaji wamegoma, wana tamaa. Nimeisikia hiyo kwa kinyozi, nimeisikia kazini, nimeisikia nje ya msikiti baada ya Ijumaa, na ile 2012 niliisikia mpaka nikachoka kujibu. Sasa mimi mkate wangu unatoka kwenye mikataba ya wafanyakazi, nakaa mezani upande wa wafanyakazi, kwa hiyo leo acha nijibu kwa kirefu halafu nikiulizwa tena natuma linki tu.

Kwanza kwa walioko nyumbani, hoki ninayosema sio ya nyasi, ile ambayo Kenya walishika nafasi ya nne kombe la dunia la 1971. Hii ni ya barafuni, watu wamevaa viatu vya vyuma wanakimbiza kidude cheusi kigumu kinaitwa paki, na kubamizana ukutani ni sehemu ya mchezo. Ligi yenyewe ni NHL. Mimi niliipendea Winnipeg, huku Kanada, mji wa baridi moja ambayo ukitema mate unakuwa na wasiwasi kama yatafika chini.

Haya. Mgomo ni mfanyakazi anaweka jembe chini. Lokauti ni bosi anafunga geti na wewe uko nje unataka kuingia. Chukua mwenye daladala, asubuhi anachukua ufunguo wake anamwambia dereva na konda hesabu mnayoniletea ni ndogo, gari halitoki mpaka mkubali kuongeza, halafu abiria kituoni jua linawachoma wanaanza kumtukana konda. Ndio NHL hiyo. 1994, 2004 na 2012, mara zote tatu geti lilifungwa na wamiliki wa timu. Mgomo wa wachezaji uliosimamisha mechi za msimu ni ule wa Aprili 1992, siku 10 tu basi. (Na sio mambo ya wazungu tu haya, hata sheria yetu ya ajira ya Tanzania ya 2004 inamtambua mwajiri kufungia nje, ila hatuioni sana kwa sababu kwetu bosi ana njia za mkato.)

Na ile 1992 ndio inaeleza mengine yote, ila watu wanairuka. Wachezaji waligoma wakati mechi za mtoano ziko mlangoni, na mtoano ndio mavuno ya wenye timu, maana mshahara wa mchezaji unalipwa kwa msimu wa kawaida, ukiisha umeisha, kwenye mtoano kuna bonasi tu wanagawana lakini viwanja vimejaa na tiketi zimepanda bei. Kwa hiyo kugoma Aprili ni kumkamata bosi pabaya. Miaka miwili baadaye wachezaji wa besiboli wakagoma Agosti 1994 na fainali zao za mwaka ule zikafutwa kabisa, na kiongozi wa chama chao alikuwa Donald Fehr. Sasa huyo Fehr ndiye aliyekuwa anaongoza chama cha wachezaji wa hoki mwaka 2012! Akasema jamani mkataba umeisha lakini tucheze huku tunaongea. Gary Bettman, kamishna wa ligi tangu 1993, akakataa, na mimi ningekuwa upande ule ningekataa pia, kwa sababu ukianza msimu bila mkataba umempa mwenzako nafasi ya kuchagua tarehe ya kukuumiza. Lokauti ni bosi anayewahi kuchagua tarehe yeye. Septemba 15 usiku mkataba ukaisha, geti likafungwa.

Walikuwa wanagombania nini? Asilimia. Mapato ya ligi yalikuwa kama dola bilioni 3.3 kwa mwaka na wachezaji walikuwa wanachukua 57%. Ofa ya kwanza ya wamiliki, Julai 2012, ilikuwa 43%. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni zaidi ya dola milioni 460 kwa mwaka zinahamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine na ligi hiyo hiyo inajisifu kila siku mapato yanapanda. Mtu wa mezani akiona ofa kama ile anajua haikuandikwa ili ikubaliwe, imeandikwa ili baadaye 50 ionekane ni huruma. Na ndipo walipoishia, 50 kwa 50.

Kitu cha pili kilikuwa urefu wa mikataba, na hapa ndio pananichekesha. Tangu 2005 kila timu ina kikomo cha mishahara na kinahesabiwa kwa wastani wa mkataba kwa mwaka, basi wajanja wakaona dawa, unampa mchezaji mkataba mrefu, hela nyingi mwanzoni, halafu miaka ya mwisho akiwa mzee unaweka vijisenti ili wastani ushuke. Timu ya New Jersey walimuandikia mchezaji Ilya Kovalchuk miaka 17 kwa dola milioni 102 mwaka 2010 mpaka msuluhishi akautupa. Wamiliki wakaja 2012 wanalia hii mikataba inatuua, tuwekeeni mwisho miaka mitano. Sawa. Lakini Julai 4 mwaka huo huo, Craig Leipold mwenye Minnesota Wild alikuwa amewasainisha Zach Parise na Ryan Suter miaka 13 kila mmoja, dola milioni 98 kila mmoja, halafu huyo huyo yuko upande wa matajiri wanaotaka ifupishwe. Yani mtu anaomba sheria imzuie yeye mwenyewe asiende dukani.

Kikao cha Desemba pale New York ndicho kilichotumaliza roho sisi mashabiki. Waliwatoa Bettman na Fehr chumbani, wakakaa wamiliki na wachezaji wenyewe siku mbili tatu, habari zinatoka nzuri, watu wameanza kutafuta jezi zao. Alhamisi Desemba 6 Fehr anasimama mbele ya waandishi anasema pande mbili zimekaribiana, anashuka. Dakika chache anarudi pale pale, kaka yake Steve amemletea taarifa kwamba kuna ujumbe wa sauti umeachwa na Bill Daly, naibu wa Bettman, kwamba yote yamekataliwa na ofa za ligi zimeondolewa mezani. Laivu kwenye TV. Nilikuwa nakula, nikaacha. Daly akasema na kuhusu ile miaka mitano kwamba huo ndio mlima wao wa kufia. Mwezi mmoja baadaye wakasaini mwisho uwe miaka 8 timu ikimsainisha mchezaji wake na 7 ikimchukua wa timu nyingine, na hakuna aliyekufa mlimani.

Naeleza hivi ili uone kitu kimoja, drama ile haikuwa hasira, ilikuwa kalenda. Msimu mfupi ambao walikubaliana unawezekana ulikuwa mechi 48 badala ya 82, kama 1995, na ili uzicheze 48 lazima uanze Januari. Kwa hiyo Oktoba na Novemba hakuna mtu aliye na haraka, bosi anapoteza mechi za mwanzo ambazo sio tamu sana, mchezaji ndio anaanza kukosa mshahara wa kila nusu mwezi. Wachezaji nao wakatafuta presha yao, wakapiga kura 706 kwa 22 kuiruhusu bodi ivunje chama ili waende mahakamani kudai ligi inabana ushindani, ligi ikawahi kwenda mahakamani yenyewe. Ukiona vitisho vikubwa vinatoka katikati ya Desemba, jua wanakaribia kusaini. Msuluhishi wa serikali ya Marekani, Scot Beckenbaugh, akawa anatembea kwa miguu kati ya pande mbili pale New York kubeba maneno, na alfajiri ya Januari 6, 2013 baada ya kukaa saa 16 mfululizo wakatoka na mkataba. Mechi 510 zilikuwa zimeshaenda na maji.

Sasa turudi Winnipeg maana maumivu ya hapa hayafanani na ya mahali pengine. Huu mji ulipoteza timu yake, Jets, mwaka 1996 ikahamia Phoenix. Miaka 15 watu wanakaa na jezi kabatini. 2011 timu ya Atlanta ikanunuliwa ikaletwa huku, tiketi za msimu 13,000 zikaisha, zile zilizofunguliwa kwa kila mtu ziliyeyuka ndani ya dakika, na ili uzipate ulisaini kujifunga miaka mitatu mpaka mitano. Yani watu walisaini kama mkopo wa nyumba. Wakapata msimu mmoja. Mmoja! Wa pili geti limefungwa.

Na kuna kisa ambacho watu wa Toronto hawakielewi nikiwaambia. Lokauti ikiwa inaendelea ligi ya daraja la pili inacheza kama kawaida, miji mingi ilikuwa na mechi za kwenda kuangalia vijana. Winnipeg walikuwa na timu ya daraja hilo, Manitoba Moose, lakini Jets walipokuja Moose wakahamishiwa St. John's, kule Newfoundland mwisho wa Kanada kabisa. Kwa hiyo sisi tulikaa na uwanja mpya mzuri katikati ya mji na hakuna wa kuteleza ndani yake, huku nyota wa NHL wako ng'ambo, Ovechkin yuko Moscow anacheza, Malkin yuko Magnitogorsk kwao, Thornton na Nash wako Davos Uswisi, wao maisha yanaendelea. Aliyekwama ni shabiki, na yule anayekaanga chipsi uwanjani. Ninamjua mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akifanya kazi jikoni kwenye uwanja wa mji mwingine, analipwa kwa zamu, hakuna mechi hakuna zamu, na hakuna asilimia yake hata moja kwenye zile 57 wala 43. Tuna ile methali ya tembo na nyasi, ila hapa nyasi ndizo zinazowalipia tembo kiingilio.

Hasira ilikuwepo, tena kali, watu wakaapa kwamba hawarudi, wengine wakaahidi kwa kila mechi itakayofutwa kuanzia mwishoni mwa Desemba na wao watasusa mechi moja. Na mimi niliwaunga mkono moyoni lakini nikijua, kwa kazi yangu, kwamba ligi imeshaipigia hesabu hasira hiyo. Ushahidi wanao. Msimu wote wa 2004-05 ulifutwa, mechi 1,230, Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, halikutolewa kwa mara ya kwanza tangu 1919 wakati mafua makali yalipovunja fainali katikati. Msimu uliofuata wakaandika maneno ya kuwashukuru mashabiki pale kwenye barafu, na mahudhurio ya ligi yakavunja rekodi. Sasa wewe ukiwa mmiliki unajifunza nini hapo? Unajifunza kwamba rangi ya kuandikia "asante" ni bei rahisi.

Lakini acha niseme na lile linaloniuma kwa sababu mimi ni mtu wa vyama vya wafanyakazi. Lokauti ya 2004 ndiyo iliyoleta kikomo cha mishahara, kilianza dola milioni 39 kwa timu, na wachezaji walikatwa 24% ya mikataba waliyokuwa wameshasaini. Mkataba mbaya kwao, sitapindisha. Ila Jets waliondoka 1996 kwa sababu mji mdogo wenye dola dhaifu ya Kanada haukuweza kushindana na mifuko ya New York, na bila kikomo kile hakuna tajiri mwenye akili angeirudisha timu hapa 2011. Kwa hiyo tulikuwa tunailaani lokauti tukiwa tumevaa jezi ambazo lokauti iliyotangulia ndiyo ilitupa. Nimewahi kuisema hiyo kwenye kikao cha chama, nikaangaliwa kama msaliti. Na mji wenyewe ni huu wa mgomo mkuu wa 1919, wafanyakazi kama 30,000 waliacha kazi wiki sita.

Januari 19, 2013 geti likafunguliwa, Ottawa wakaja wakatufunga nyumbani 4-1. Uwanja ulijaa, na ukaendelea kujaa kila mechi mpaka 2019. Nami nilikuwemo, msiniulize.

Mkataba mwingine ulisainiwa 2025, wa kuanza Septemba 2026 mpaka 2030, mechi zinapanda kutoka 82 hadi 84, na haukufungwa hata mlango mmoja, hela ni nyingi, kikomo cha mishahara cha msimu wa 2025-26 kilifika dola milioni 95.5. Nikausoma kifungu kwa kifungu. Urefu wa mikataba umeshushwa, humo ni miaka 7 kwa mchezaji wako na 6 kwa wa nje. Ule mlima wa Daly wanaupanda taratibu, mwaka mmoja mmoja, na safari hii hakuna shabiki niliyemsikia akilalamika.