Kucheua mawazo siyo kuwaza sana

Jamani, kila matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yakitoka, mtoto akikaa kimya tu anaambiwa anacheua mawazo, hata yule wa S4, yaani kidato cha nne, anayepiga hesabu alama zake zitampeleka S5 shule gani. Hapana. Huyo anapanga. Kucheua mawazo, au ruminesheni kama wanavyoita wataalamu, ni mtu mwenye huzuni kuishikilia huzuni yenyewe, mbona niko hivi, kwa nini mimi tu, nina kasoro gani, anazunguka hapohapo na hakuna hatua anayofikia.

Aliyeifanya dhana hii ijulikane ni Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani. Wanafunzi wa Stanford walikuwa wameshajaza fomu zake kabla tetemeko la ardhi halijapiga California Oktoba 1989, akawapima tena baadaye, na waliokuwa na mazoea ya kucheua tangu mwanzo ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona wiki kadhaa baada ya tetemeko, hata ukizingatia hali waliyoanza nayo. Halafu mwaka 2003 yeye na wenzake wakatenganisha kitu ambacho sisi tunakichanganya kila siku: kuna kujilaumu na kukaa kulinganisha ulivyo na ulivyotaka uwe, na kuna kutulia ujichunguze ili upate njia ya kutoka. Hii ya pili inaweza kwenda pamoja na huzuni leo lakini muda ukipita dalili hupungua, ile ya kwanza huzidisha. Kwa watoto na vijana pia imeonekana hivyo, anayecheua ndiye dalili zake huongezeka, na wasichana wakishabalehe huwazidi wavulana kwa tabia hii.

Na kujishughulisha ili kuacha kucheua nako kunaeleweka vibaya. Kucheza mpira, kwenda kuchota maji na wenzake, kumsaidia mama kupika, hivyo vinaupa moyo wa mtoto nafasi ya kutulia kwanza halafu alirudie tatizo akiwa na nguvu. Kushinda kwenye simu mpaka alfajiri ili asilikute tatizo kabisa ni kukwepa, sio kujishughulisha, ingawa wazazi wengi wanaona ni kitu kimoja.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujamwambia mtoto aache kuwaza, muulize kwa upole anawaza nini. Akikujibu "naangalia kama nirudie mtihani au niende kusoma ufundi", muache awaze, na ukiweza kaa naye muwaze pamoja.