Chuma cha Cassiopeia A kiko wapi?

Watu wakisikia kuwa nachunguza masalia ya nyota zilizolipuka, huniuliza nimeona nini kwenye darubini. Sijawahi kuchungulia chochote. Chandra, satelaiti ninayoitegemea kuliko zote, iko angani tangu Julai 1999, na inachoniletea ni jedwali. Kila mstari ni fotoni moja ya eksirei, yaani chembe moja ya mnururisho huo: imefika saa ngapi, imegonga wapi, imebeba nishati kiasi gani. Basi.

Lazima ikae huko juu, maana hewa yetu humeza eksirei za angani zisifike chini. (Satelaiti ya kwanza ya kazi hii ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ikapewa jina Uhuru. Mpaka leo nikilikuta kwenye makala za Wazungu natabasamu.)

Sasa tazama Cassiopeia A, mojawapo ya masalia hayo, umbali wa miaka-nuru 11,000 hivi. Nyota yake ililipuka, na mwanga wa mlipuko ukatufikia mwishoni mwa karne ya 17. Gesi yake bado inafumuka, na mawimbi ya mshtuko yameichemsha hadi mamilioni ya nyuzijoto, ndiyo maana inatoa eksirei.

Nikizipanga fotoni kwa nishati, grafu inaota vilele, kila elementi na vyake. Kwenye kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 1.86 ni silikoni. 2.45 ni salfa. 6.7 ni chuma. Nishazizoea, kama unavyomjua jirani kwa hodi yake. Kisha nachuja, nabakiza za 6.7 peke yake na kuzirudisha kwenye picha: hapo nina ramani ya chuma. Shida ni kwamba hizo huja kwa kudonadona. Mwaka 2004 Chandra iliikodolea Cassiopeia A kwa jumla ya sekunde milioni 1, yaani siku 11 na ushee.

Ramani yenyewe inashangaza. Chuma hupikwa ndani kabisa, jirani na kiini kinachoporomoka, na silikoni hukaa juu yake. Lakini upande wa kusini-mashariki mabonge ya chuma yameipita silikoni, yako nje. Mlipuko ule haukuwa wa mviringo hata kidogo, ulipasuka ovyo.

Hata hivyo, ramani hii mimi siiamini kikamilifu. Inaonyesha chuma kilichochemshwa tu, kilichopoa hakionekani. Titani-44, aina ya metali ya titani, hupikwa pamoja na chuma, nayo hujitangaza kwa mnururisho wake yenyewe, iwe ya moto au baridi. Darubini ya NuSTAR iliichora, matokeo yakatoka mwaka 2014: titani imejaa katikati, wala hailingani na ramani yetu ya chuma. Huenda chuma chake kipo hapo hapo, kimepoa, wimbi la mshtuko linalorudi ndani halijakifikia. Au titani na chuma havikupikwa kwa kipimo kimoja kila mahali. Mimi nimeegemea la kwanza, ingawa mwenzangu wa meza ya pili hataki hata kulisikia.