Tarehe ya barua pepe ni maneno ya aliyeituma

Wiki iliyopita nimeletewa tena mchoro uleule, wa muda ambao watu husubiri kujibiwa barua pepe. Safari hii mwenye nao ni kijana anayepandisha wageni Kilimanjaro kwa kujitegemea, mambo yake yote yako kwenye akaunti moja binafsi ya Gmail. Alishusha barua zote kwa Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, akapata faili moja la mbox (barua zote zikiwa pamoja) la gigabaiti 14, akaliingiza kwenye kanzidata ya SQLite, kisha akapima muda kati ya swali la mgeni na jibu lake. Mchoro ukamwambia kwamba Wamarekani wanasubiri jibu kwa muda wa saa nane hadi kumi. Alikuwa ameshaongea na mdogo wake amlipe awe anakesha kujibu barua.

"Kaka, tarehe si imeandikwa humohumo kwenye barua?"

Imeandikwa, ndiyo. Ila aliyeiandika ni kompyuta ya mtumaji, kwa saa yake, huko aliko. Nimeyasema haya mara nyingi kiasi kwamba sasa nayaweka hapa, kwa sababu safari hii nusura mtu apoteze fedha.

Tufungue barua moja. Mstari wa Date wa mgeni unasomeka: Tue, 5 Mar 2019 14:20:11 -0500. Wa jibu: Tue, 5 Mar 2019 22:50:40 +0300. SQLite haina aina ya data ya tarehe, na strftime, amri yake ya kusoma tarehe, haielewi maandishi ya mtindo huu, inakurudishia NULL, yaani hakuna thamani. Kijana akaona njia rahisi: akakata tarakimu za saa, akatupa mkia, yaani -0500 na +0300. 22:50 kutoa 14:20, saa nane na nusu. Lakini uzito wote uko kwenye ule mkia alioutupa. -0500 maana yake saa ya mgeni iko nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa saa 5. Kwa hiyo 14:20 yake ni 19:20 UTC, na kwa Moshi ni 22:20. Mgeni alijibiwa baada ya nusu saa hivi, usiku wa saa tano kasoro, na mtu aliyekuwa amechoka na bado akakaa macho. Mchoro ukamwita mzembe.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Mgeni wa Tokyo anaandika 09:10 +0900, unamjibu ukiamka, 08:00 +0300. Kwa hesabu ya kukata mkia, jibu limetangulia swali kwa dakika 70. Skripti yake iliyaona majibu ya namna hiyo ikayafuta kimyakimya kama "data mbovu". Hilo liliniudhi kuliko kosa lenyewe. Namba hasi ilikuwa inapiga kelele kwamba kuna kitu hakiko sawa, akaizima.

Nikimweleza mtu hivi, jibu la kwanza huwa: "Basi nitawaongezea Wamarekani saa nane." Hapana! Wale wa mashariki wanatumia -0500 majira ya baridi na -0400 majira ya joto, wa California wako -0800 na -0700, na mgeni aliyeshatua Nairobi simu yake inaandika +0300 kama yako. Usikisie nchi. Kila barua imebeba tofauti yake yenyewe, isome.

Sasa kuna mkia mmoja unaowaponyoka hata wazoefu: -0000. Watu wanaona sifuri, wanasema ni sawa na +0000. RFC 5322 ya mwaka 2008, hati ya kanuni za muundo wa barua pepe, inatofautisha: zote mbili saa yake ni UTC, ila -0000 inasema mashine iliyoiandika haitoi habari yoyote kuhusu saa za mahali ilipo. Katika lugha ya programu ya Python, amri ya kusoma tarehe za barua, parsedate_to_datetime, ikikutana na +0000 inakupa wakati wenye ukanda wa saa. Ikikutana na -0000 inakupa wakati usio na ukanda kabisa. Ukiuita .timestamp() wakati huo ili kupata sekunde, Python inadhani ni saa za kompyuta yako. Kompyuta iliyopo Tanzania inatoa saa tatu ambazo hazikutakiwa kutolewa. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Nimewahi kuishi na jedwali la namna hiyo miezi kadhaa, na sehemu ya risiti na taarifa za mifumo zilikuwa zimesogea saa tatu nyuma nisijue.

Na hata ukisoma mkia sawasawa, bado umesoma madai. Mkusanyo wa barua za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, uliowekwa wazi na serikali ya Marekani mwaka 2003, una barua zenye tarehe 31 Dec 1979 16:00:00 -0800. Geuza kwenda UTC: ni saa sita kamili ya usiku, 1 Januari 1980, pale ambapo kalenda ya DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta, huanzia. Hakuna aliyekaa akaandika barua ile siku ile. Ni mashine iliyokosa tarehe ikaweka sifuri yake.

Kwa barua zinazoingia kuna shahidi mwingine: mistari ya Received. Kila seva inayoipitisha barua inaweka wake juu ya iliyotangulia, kwa hiyo wa juu kabisa umeandikwa na seva yako, na ndio ninaouamini. Ya chini mtu anaweza kuibuni. Lakini nao unasema barua ilifika lini, si iliandikwa lini. Barua inaweza kukaa kwenye foleni ya seva saa nzima.

Kwa barua ulizotuma mwenyewe, nakala yako mara nyingi haina Received hata mmoja. Hapo sina dawa kamili. Kama ulikuwa unatumia laptopu ya mtumba iliyokufa betri ndogo ya saa, tarehe za kipindi hicho zote ni za kubahatisha. Ninachofanya ni kufuata In-Reply-To, mstari unaotaja barua inayojibiwa: jibu haliwezi kutangulia barua linayoijibu, wala kuchelewa kuliko barua iliyolijibu lenyewe. Hiyo inanipa mipaka tu.

Ndiyo maana jedwali langu lina safuwima nne za wakati: maandishi ya Date kama yalivyo, sekunde za UTC, tofauti ya ukanda kwa dakika, na wakati wa kupokelewa. Barua ghafi nzima naiweka kama BLOB, baiti kwa baiti, ili nikigundua kosa nirudie kuchambua bila kushusha upya. Saa za Kiswahili zibaki kwenye lebo za mchoro; nimeshaona mtu aliyetoa sita ndani ya kanzidata yenyewe.

Mengine kwa haraka. Message-ID, kitambulisho kilichoandikwa kwenye barua, usiifanye ufunguo mkuu wa jedwali: barua nyingine hazina, na nakala iliyopitia orodha ya kutumiana barua (mailing list) ina ileile ya nakala uliyopelekewa moja kwa moja. Tumia SHA-256 ya barua ghafi, yaani alama inayokokotolewa kutoka baiti zake zote. Viambatisho viweke nje, FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta maneno, inatosha kwa kutafuta. Na kabla ya kuhesabu maneno "yako", ondoa maneno ya wengine uliyoyanukuu. Sijapata njia ya kuyaondoa ninayoiamini, hasa mazungumzo yanapochanganya Kiswahili na Kiingereza.

Tukarudia hesabu na kijana. Saa nane zikayeyuka, na mdogo wake hakuanza kukesha. Zikabaki barua chache za zamani, za laptopu yake ya kwanza, ambazo wakati wake haushikiki. Akataka kuzijaza kwa wastani. Nikamzuia mkono kwenye kibodi, tukaziacha NULL.