Kipimo cha Widal kinapima nini hasa?

Kipimo cha Widal ni kipimo cha damu kinachotumika kuchunguza homa ya matumbo, yaani taifodi. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, zile protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na bakteria huyo aitwaye Salmonella Typhi. Ugumu wote wa kuyasoma majibu yake unaanzia hapo, na wagonjwa wengi hawaelezwi jambo hili.

Maabarani kazi yenyewe si ngumu. Damu huachwa igande, kisha huchukuliwa yale majimaji ya rangi ya manjano yanayojitenga, ambayo ndiyo seramu. Seramu huchanganywa na kimiminika chenye bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa. Kama ina kingamwili za kutosha, zitawanasa bakteria hao na kuwashikanisha mpaka chembechembe zilizogandana zionekane kwa macho. Kama hazimo, mchanganyiko hubaki laini ulivyokuwa. Daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliieleza njia hii mwaka 1896, mwaka uleule ambao Max von Gruber na Herbert Durham, wakiwa Vienna, walieleza namna seramu inavyowagandisha bakteria.

Kwenye karatasi ya majibu utakuta herufi O na H. O ni sehemu ya ganda la nje la bakteria, na H ni vile vijimkia anavyoogelea navyo. Kingamwili za O hutangulia, kwa kawaida kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza ya ugonjwa, na hupungua baada ya miezi. Za H huchelewa kidogo lakini hudumu sana, wakati mwingine kwa miaka. Ndiyo maana H iliyo juu peke yake huenda inatokana na maambukizi ya zamani, au na chanjo ya aina ile iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa.

Halafu kuna nambari: 1:40, 1:80, 1:160 na kuendelea. Mtaalamu wa maabara huizimua seramu hatua kwa hatua, kila mara akiipunguza nguvu kwa nusu, na kuangalia kugandana kunakoma wapi. Jibu la 1:160 maana yake ni kwamba bakteria waligandana hata seramu ilipobaki sehemu moja tu kati ya 160. Hicho ni kiwango cha kingamwili. Hakisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani, wala hakisemi bakteria wako wangapi, ingawa mara nyingi watu huambiwa hivyo.

Kingamwili ni kama nyayo mlangoni: zinaonyesha kuwa kuna mtu aliyepita, hazisemi kama bado yumo ndani. Na hapa nyayo zenyewe zinafanana. Salmonella wa aina nyingine wana sehemu za O zinazolingana na za Typhi, kwa hiyo mtu aliyeambukizwa na hao anaweza kupata jibu chanya. Malaria nayo inaweza kuuchochea mwili utoe kingamwili zinazoukoroga mchanganyiko. Mahali ambapo taifodi imeenea, watu wazima wengi wenye afya njema hutembea na kiwango fulani cha kingamwili bila kuumwa chochote. Kwa sababu hiyo hakuna nambari moja inayofaa kila mahali. Kila eneo linapaswa kujua kiwango cha kawaida cha watu wake kabla ya kuamua kipi ni cha juu.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mtu anaweza kuwa na taifodi kweli na Widal ikatoka hasi, kwa sababu amepimwa siku za mwanzo kabla mwili haujajibu, au kwa sababu alikwisha kumeza antibayotiki.

Matumizi sahihi yanahitaji vipimo viwili. Damu huchukuliwa mwanzoni, kisha tena baada ya siku 7 hadi 14, na kinachotafutwa ni kupanda mara nne au zaidi, kwa mfano kutoka 1:40 hadi 1:160. Mpando huo unaonyesha kwamba mwili unapambana na kitu sasa hivi. Lakini nani mwenye homa atasubiri wiki mbili? Ndiyo maana hupimwa mara moja tu, tena kwa njia ya haraka ya slaidi, yaani juu ya kipande cha kioo, ambayo mchanganyiko ukiachwa ukauke huweza kuonyesha mgando wa uongo. Njia ya mirija huchukua saa nyingi, na inaaminika zaidi. Kwa maoni yangu, jibu moja la slaidi lisitoshe kumwita mtu mgonjwa wa taifodi. Anayetibiwa ugonjwa asio nao anaachwa na ule alio nao, na huenda huo ndio unaoua.

Vipimo vingine vya homa vimejengwa juu ya msingi huohuo. Cha Weil-Felix, cha mwaka 1916, huchunguza homa za riketsia, bakteria wanaoenezwa na wadudu kama chawa na kupe, kwa kutumia bakteria mwingine kabisa, Proteus, kwa kuwa wawili hao wana sehemu zinazofanana. Kwa homa ya brusela, ambayo watu huipata kutoka kwa mifugo, kingamwili zina faida kubwa zaidi, maana kuwaotesha bakteria wake, yaani kuwakuza maabarani, huchukua siku nyingi na huwahatarisha wafanyakazi wa maabara. Huko kuna mtego wake: kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, bakteria hawagandani kwenye seramu ambayo haijazimuliwa vya kutosha, na mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa akaonekana mzima. Kuendelea kuizimua seramu ndiko kunakoufichua.

Kwa taifodi, kipimo kinachomwonyesha bakteria mwenyewe ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, nacho hufaa zaidi wiki ya kwanza, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kinawakosa wagonjwa wengi pia, na kuotesha uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, huwagundua wengi zaidi kuliko damu. Lakini bakteria akiota, maabara inaweza kumjaribu kwa dawa mbalimbali na kumwambia daktari ipi bado inamuua, jambo ambalo Widal haiwezi kulifanya hata nambari iwe kubwa namna gani.