Waghibelini: jina lilitoka wapi na lilimaanisha nini

Ukisoma habari za Italia ya karne ya 13, hukawii kukutana na Waghibelini. Hao ndio waliokuwa upande wa Kaizari wa Dola Takatifu la Roma katika ugomvi wake na Papa. Wapinzani wao, waliosimama na Papa, waliitwa Waguelfi. Maelezo hayo ni sahihi, ila jina lenyewe lina safari ndefu.

Asili yake si Italia. Limetokana na Waiblingen, mji ulio jirani na Stuttgart, Ujerumani, uliokuwa mali ya ukoo wa Hohenstaufen. Waguelfi nao wanatokana na Welf, ukoo wa watawala wa Bavaria ulioshindana na Hohenstaufen kuwania ufalme. Mapokeo husema kwamba mwaka 1140, Konrad III, mfalme wa Ujerumani wa ukoo wa Hohenstaufen, alipouzingira mji wa Weinsberg uliokuwa mikononi mwa Welf, askari wa upande mmoja walipaza sauti "Welf!" na wa upande wa pili wakajibu "Waiblingen!"

Makaizari wa Hohenstaufen walipovuka milima ya Alps, majina yakavuka nao, na ulimi wa Kiitaliano ukayafinyanga upya. Waitaliano waliizoea W ya Kijerumani kwa kuitamka gu: Wilhelm kwao ni Guglielmo. Hivyo Welf akawa Guelfo, na Waiblingen, baada ya kukatwa na kulainishwa, ikawa Ghibellino. Nasi tulifanya vivyo hivyo: Schule ya Wajerumani ikawa shule, Heller ikawa hela.

Huko Firenze, mji wa Italia ya kati, majina haya yalishika mizizi wakati wa Kaizari Frederick II, miaka ya 1240. Ila usidhani kila Mghibelini alikuwa mpenzi wa Kaizari. Wengi walikuwa Waghibelini kwa sababu tu jirani waliyehasimiana naye alikuwa Mguelfi. Mji jirani wa Siena ulimshika Kaizari kwa kuwa hasimu wake, Firenze, alimshika Papa. Uhasama wa mitaa na koo ulikuwa tayari upo. Majina ya Kijerumani yaliupa bendera tu.

Tarehe 4 Septemba 1260, huko Montaperti, Siena pamoja na Waghibelini waliofukuzwa Firenze waliishinda Firenze vibaya. Washindi walipokutana Empoli, likatolewa wazo la kuubomoa mji wa Firenze wote. Farinata degli Uberti, Mghibelini mwenzao na mzaliwa wa mji huo, akakataa katakata, na mji ukapona.

Miaka 6 baadaye Manfred, mwana wa Frederick, aliuawa vitani Benevento, na Waguelfi wakarudi madarakani. Wema wa Farinata haukukumbukwa. Nyumba za ukoo wake zilikuwa zimebomolewa, na viwanja vikaachwa wazi. Mwandishi wa historia ya mji, Giovanni Villani, anasema jumba la Palazzo Vecchio, lililoanza kujengwa mwaka 1299, lilijengwa kwa kupinda ili msingi wake usikanyage ardhi ya Uberti. Ardhi hiyo leo ni sehemu ya uwanja wa Piazza della Signoria.