Jamani, mkono wa Trumpeldor haukukatikia Tel Hai
Naongoza mahujaji wa kutoka nyumbani huku Galilaya, na kila tukipanda kaskazini mpaka kwa yule simba wa mawe wa Tel Hai, sanamu ya kumbukumbu ya Trumpeldor na wenzake waliouawa wakilinda kijiji hicho cha Wayahudi, lazima atokee mtu aseme "kumbe hapa ndo mkono ulipokatika, maskini." Siku hizi nameza mate kwanza.

Joseph Trumpeldor mkono wake wa kushoto aliuacha Port Arthur mwaka 1904, vita vya Urusi na Japan, akiwa askari wa mfalme wa Urusi, na alipopona akaomba arudishwe mstari wa mbele na huo mmoja uliobaki, ngome ilipoanguka Wajapani wakamteka. Palestina kaja miaka kama saba baadaye. Ukilikosea hili umeua habari yote, maana aliyeumia akiwa hapa angeonewa huruma, angepewa kiti akae, lakini huyu kashuka melini mkono mmoja tayari, akaenda Degania pale Yordani inapotoka ziwani, ushirika wa wakulima ulioanza 1910, trekta hakuna, malaria nje nje, akashika plau kama wenzake. Mimi ukisema "maskini" nakupa kazi, fungua kamba za viatu uzifunge kwa mkono mmoja tukiwa kwenye basi. Mpaka leo sijaona aliyemaliza kabla hatujafika.

Mengine ya haraka haraka. Eti alipigana na Hitler. Kafa tarehe 1 Machi 1920, Hitler nani alikuwa anamjua?

Eti uofisa alipewa wa heshima tu kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 1915 kule Gallipoli, Uturuki, alikuwa naibu kamanda wa kikosi cha nyumbu cha Wayahudi katika jeshi la Waingereza, wanapeleka risasi na maji mpaka kwenye mahandaki, mkubwa wake alipougua akakiongoza yeye. Na mkubwa mwenyewe Wakenya mnamjua, ni Patterson, yule yule aliyeua simba wala watu wa Tsavo 1898. Hapana, simba wa Tel Hai si mmoja wao, nimeshaulizwa.

Na mji wa hapo chini, Kiryat Shmona, haukuitwa kwa jina la nabii. Shmona kwa Kiebrania ni nane, ndo wale nane waliokufa Tel Hai, yeye akiwemo. Nabii Shmona mtafuteni kwenye Biblia zenu, mkimpata mniambie.