Watu huniuliza rangi, mimi nawaza uzi

Mteja akiingia, swali la kwanza ni rangi. "Dada, ile nyekundu iliyokolea unayo? Na ya dhahabu?" Namwekea vikopo vyote mbele, achague mpaka roho yake itulie. Mimi wakati huo nawaza uzi, maana shanga za kiunoni hupona au hufa kwa uzi.

Hilo nililijua kwa aibu. Nilipoanza nilikuwa natunga kwa uzi wa pamba, ule wa cherehani, naukunja mara mbili. Nikamtungia bi harusi mmoja mistari saba. Haukupita muda akarudi, shanga amezifunga kwenye pindo la kanga. "Zimekatika kwenye daladala, dada. Nyingine zimebaki humo humo." Sikuwa na la kusema. Shanga za kiunoni hazivuliwi: mtu anaoga nazo, analala nazo, na joto letu la Dar la Desemba linamkuta nazo. Pamba inayanywa maji na jasho lote hilo mpaka inaoza. Nilimtungia upya bila kumdai hata senti, na pamba sijaigusa tena kwa kazi ya kiunoni.

Nikahamia kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Maji hauyaogopi, kweli, lakini unateleza; fundo unalolikaza leo, kesho limeshalegea. Ukiuchoma ncha kwa kiberiti unabaki kijinundu kigumu kinachomchoma mtu kiunoni akilala. Sasa natumia nailoni nyembamba ya kusokotwa, na kabla ya kutunga naupitisha uzi wote juu ya kipande cha nta ya nyuki. Nyuzi zake ndogo zinashikana, hautawanyiki, na unaingia kwenye tundu la sindano bila kuulamba.

Halafu ushanga wenyewe. Hizi ndogo namba 11 zina kama milimita 2 hivi (namba ikipanda, ushanga unapungua). Ushanga wa kioo uliomeguka kwenye tundu ni wembe. Nauvisha kwenye sindano na kuuzungusha taratibu, ukikwaruza, nautupa. Kwenye kila pakiti haukosekani wa kutupa, na mtu anayeona huruma ya kutupa ataulipia uzi mzima. Shanga za Japani zinalingana sana, kwa bangili bapa sioni za kuzishinda. Kwa kiuno, mimi napenda zaidi za Jamhuri ya Cheki. Zile tofauti ndogo ndogo zinafanya mstari umetemete mtu anapotembea.

Kumalizia ndiko ninakokupenda kuliko kazi yote. Sifungi fundo moja kubwa. Narudisha sindano ndani ya shanga tano au sita, nafunga kifundo kidogo katikati ya mbili, napita tena tano, nafunga kingine, kisha mkia nauficha ndani. Ukipapasa huoni ulipoanzia.

Nafurahi kila nikikumbuka kwamba neno hili, fundo, ni la zamani katika biashara yetu. Karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, shanga zilikuwa fedha. Nyingi zilitoka Venice, na nyekundu, samesame, zilipendwa mno. Uzi mmoja wa shanga uliitwa kete, na kete kumi zilikuwa fundo. Waliohesabu mali ile waliihesabu kwa uzi.

Leo mezani nina kazi ya mama mmoja wa Temeke. Ameniletea shanga za marehemu bibi yake, uzi umeoza, ukiugusa unakatika kama jani kavu. Shanga zenyewe nzima. Nimezilaza juu ya kitambaa cheusi na kuandika mpangilio: nyeupe tatu, nyekundu moja, nyeupe tatu, kisha buluu pahali pasipotegemewa. Labda bibi alikosea, labda alitaka. Buluu ile nairudisha pale pale. Nta nimeshaipaka, natia sindano.